Namna ya kubuni sakiti ya dijitali kwa chati ya steti: tunatengeneza kidhibiti cha pampu ya tenki, hatua kwa hatua

Kila wiki napata swali lilelile. "Mkuu, mageti nayajua, flip-flopu naijua, mtihani nimefaulu, ila nikiambiwa nitengeneze kitu kinachofanya kazi sijui naanzia wapi." Unaanzia kwenye karatasi. (Kwa mgeni: geti ni sakiti ndogo ya mantiki kama AND au OR, flip-flopu ni sakiti inayokumbuka biti moja.) Wengi wanakimbilia bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomeka sakiti bila kulehemu), wanachomeka chipu sita, halafu wanaanza kuhamisha waya mmoja mmoja wakiomba Mungu taa iwake, na ikiwaka hawajui kwa nini imewaka. Chati ya steti, yaani mchoro wa hali zote za mashine na lini inahama kutoka moja kwenda nyingine, inakuondoa huko. Ukishaichora vizuri, sakiti unaisoma tu kutoka kwenye mchoro.

Mfano tutakaoutumia ni wa nyumbani kabisa: tenki juu ya mnara, kisima chini, pampu katikati. Pampu iwake tenki likikaribia kuisha, izime likijaa, na kisima kikikauka izime hapohapo ipige alamu, maana pampu ikizunguka bila maji inaungua na hapo ni hela nyingine.

Kuna atakayeuliza kwa nini asitumie Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu). Tumia, hakuna anayekukataza, na chati ni ileile, kila steti inakuwa kipande kimoja cha kodi ya programu. Hapa tunajifunza kubuni sakiti yenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi kubwa, penseli, na RABA. Raba utaitumia kuliko penseli.
- Programu ya kuigiza sakiti kwenye kompyuta. Logisim inatosha na ni ya bure.
- Chipu: 74HC74 (flip-flopu) tatu, 74HC08 (mageti ya AND) tatu, 74HC32 (mageti ya OR) mbili, 74HC14 (vigeuzi, vinavyogeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1) moja. Zote zina miguu 14, mguu wa 14 ni +5V na wa 7 ni ground, kwa hiyo hutachanganyikiwa.
- Kapasita za 100nF tisa, moja kwa kila chipu. Usiziruke, nitakwambia kwa nini.
- Rezista za 10k, 100k na 1k, kapasita za 10µF na moja ya 47µF, LED kadhaa.
- Transista 2N2222, dayodi 1N4007, rilei ya 5V (swichi inayowashwa kwa umeme), alamu ndogo ya 5V.
- Swichi za floti (zinazoelea kwenye maji) tatu na kitufe kimoja cha kubonyeza.
- Chaja ya simu ya 5V. Familia ya 74HC inakula kuanzia volti 2 mpaka 6, kwa hiyo ipo salama.

Ukiwa Dar zungukia Kariakoo, ukiwa Nairobi nenda Luthuli Avenue, vyote vipo. Hakikisha umeandikiwa 74HC, ukipewa 74LS namba za rezista nilizoweka hapa hazitakwenda sawa.

Nadharia kidogo tu, haizidi aya moja

Steti ni hali ambayo mashine ipo sasa hivi. Kila pigo la kloki (ishara inayorudiarudia na kuipa mashine mwendo) likija mashine inaangalia inputi zake, inaamua ibaki au ihame. Chati ina maumbo matatu. Mstatili ni steti, ndani unaandika autiputi zinazowaka muda wote ukiwa hapo. Almasi ni swali, jibu ni 1 au 0. Yai ni autiputi yenye masharti, inawaka tu kama umepita njia ile. Mstatili mmoja pamoja na almasi na mayai yake yote ni BLOKI moja, na mambo yote ya ndani ya bloki yanatokea kwa wakati mmoja, ndani ya pigo moja. Hapa ndo inapotofautiana na chati ya kawaida ya programu, na ndo wengi wanapopotea. Christopher Clare wa Hewlett-Packard ndiye aliyezieleza kwenye kitabu mwaka 1973 na mpaka leo maumbo ni hayohayo.

HATUA

1. Andika hadithi kwa maneno, kisha zipe inputi majina na maana ya 1

Sisi tuna hizi:

C = floti ya chini ya tenki. 1 maana yake maji yameifikia.
J = floti ya juu ya tenki. 1 maana yake limejaa.
K = floti ya kisima. 1 maana yake kisima kina maji.
B = kitufe cha kurudisha baada ya alamu. 1 maana yake kimebonyezwa.

Autiputi ni P (pampu) na A (alamu).

Onyo: usiandike "C ni floti ya chini" ukaishia hapo. Kama hujasema 1 ni maji yapo au maji hayapo, wiki ijayo utasahau na pampu itawaka tenki likijaa. Nimeliona hili zaidi ya mara moja.

2. Orodhesha steti

Jiulize: mashine inatakiwa kukumbuka nini? Angalia, maji yakiwa katikati ya floti mbili C=1 na J=0, lakini pampu inaweza kuwa inavuta au imepumzika, inputi peke yake hazikwambii. Hiyo kumbukumbu ndo inayozaa steti. Sisi tunapata nne: S0 KUNGOJA, S1 KUVUTA, S2 KISIMA KIKAVU, S3 KUACHIA KITUFE.

S3 mara ya kwanza sikuwa nayo. Nilimtengenezea mjomba wangu ya steti tatu, na P niliiweka kwenye mstatili wa S1. Siku kisima kimekauka alamu ikalia, mjomba akabonyeza kitufe na kukishikilia, alidhani ukishikilia sana ndo inasikia. Mashine ikatoka S2 kwenda S0, tenki tupu ikaenda S1 pampu ikashtuka, kisima kikavu ikaenda S2, kitufe bado kimebonyezwa ikarudi S0, inazunguka hivyohivyo na rilei inapiga kelele kama cherehani. Makosa yalikuwa mawili: P ilitakiwa kuwa kwenye yai, na kitufe kilitakiwa kusubiriwa kiachiwe. Yote mawili yangeonekana kwenye karatasi kama ningefanya hatua ya 4, sikuifanya.

3. Chora chati, bloki moja moja

Chora ukifuata maelezo haya:

S0 KUNGOJA. Mstatili mtupu, hakuna autiputi. Almasi C: ikiwa 1 rudi S0. Ikiwa 0 nenda almasi J: 1 rudi S0, 0 nenda S1.

S1 KUVUTA. Mstatili mtupu. Almasi K: 0 nenda S2. Ikiwa 1 pita kwenye yai lenye P, kisha almasi J: 1 nenda S0, 0 rudi S1.

S2 KISIMA KIKAVU. Mstatili una A. Almasi B: 0 rudi S2, 1 nenda S3.

S3 KUACHIA KITUFE. Mstatili mtupu. Almasi B: 1 rudi S3, 0 nenda S0.

Mtu atauliza kule S0 kwa nini niulize na J wakati C=0 tayari inasema tenki linaisha. Kwa sababu waya wa C ukikatika C itasoma 0 milele, na bila swali la J mashine ingekuwa inarukaruka S0 na S1 kila pigo wakati tenki limejaa pomoni.

Makosa ya kuchora ninayokutana nayo sana:

- Mshale unatoka kwenye almasi unarudi kwenye almasi ileile. Hapana. "Rudi S1" maana yake mshale unaingia kwenye MSTATILI wa S1, juu. Ukirudi kwenye almasi bila kupita mstatili umechora kitu ambacho hakina pigo la kloki ndani yake.
- Njia mbili kwa inputi zilezile. Kila mchanganyiko wa inputi utoke kwa mlango mmoja tu.
- Kudhani almasi ya pili inaulizwa baada ya ya kwanza. Zinaulizwa pamoja, mpangilio unaonyesha tu nani anapewa kipaumbele.

4. Tembea na punje ya maharage

Sitanii. Weka punje juu ya S0, andika thamani za C J K B pembeni, sogeza punje kwa kila pigo. Jaribu hadithi ya kawaida, halafu jaribu za kijinga: kitufe kimeshikiliwa, floti imekatika, umeme umekatika na kurudi katikati ya alamu. Hii ya umeme ni muhimu kwetu, maana umeme ukirudi mashine inaanzia S0, kama tenki tupu na kisima kikavu inapita S1 kwa pigo moja kisha S2. Lakini P ipo kwenye yai chini ya K=1, kwa hiyo pampu haishtuki hata kidogo.

5. Zipe steti namba

Steti nne, flip-flopu mbili, Q1 na Q0. Nimeweka S0=00, S1=01, S2=11, S3=10. Ukifuata mishale yote utaona kila safari inabadilisha biti moja tu. Kwa zile steti tatu za mwanzo hili halikuwezekana, mzunguko wa steti tatu lazima mahali fulani biti mbili zibadilike, na namba moja ingebaki bila mwenyewe. Ukiwa na namba isiyo na steti lazima uamue mashine ikijikuta hapo inaenda wapi, usiache hivihivi.

6. Soma milinganyo kutoka kwenye chati

Watu wanaiogopa hii na ndo rahisi kuliko zote. Kwa flip-flopu ya aina ya D (pigo likija Q inachukua kilichopo kwenye inputi yake ya D; D1 ni inputi ya Q1, D0 ya Q0), tafuta mishale yote inayoenda kwenye steti ambayo Q yake ni 1. Kila mshale ni AND ya steti ulikotoka na majibu ya almasi ulizopita. Mishale yote unaiunganisha kwa OR. Alama ya ' ni kinyume, na + ni OR.

Kwa D1 tunatafuta mishale inayoishia 11 au 10. Kutoka S1 kwa K=0, kutoka S2 kwa njia zote mbili, kutoka S3 kwa B=1:

D1 = Q1'·Q0·K' + Q1·Q0 + Q1·Q0'·B

Ukiipunguza kwa ramani ya Karnaugh (jedwali la kurahisisha milinganyo ya mantiki):

D1 = Q1·Q0 + Q1·B + Q0·K'

Kwa D0 ni mishale inayoishia 01 au 11. Fanya mwenyewe kwanza, halafu linganisha na hii:

D0 = Q1'·J'·(C' + Q0) + Q0·(Q1'·K' + Q1·B')

Autiputi zinasomwa vilevile:

P = Q1'·Q0·K
A = Q1·Q0

Hesabu mageti: AND kumi (ile Q1·Q0 inatumika mara mbili, kwenye D1 na kwenye A) na OR tano. Ndo maana nilisema 74HC08 tatu na 74HC32 mbili.

Onyo kwa wajanja: ukijua J=1 haiwezi kutokea C ikiwa 0, utatamani kupunguza zaidi, ile sehemu ya kwanza ya D0 uifanye kuwa mbili, Q1'·C' na Q1'·Q0·J'. Kwenye mtihani utapata maksi zote. Kwenye tenki, siku C imekatika na tenki limejaa, ile Q1'·C' inaibakiza D0 kwenye 1 na pampu haizimi. "Haiwezi kutokea" ni mpaka panya watafune waya.

7. Iigize kwenye kompyuta kwanza

Weka kloki ya mkono, ubonyeze pigo mojamoja. Mtiririko wa kujaribu: anza S0 na C=0 J=0 K=1, pigo moja, uwe S1 na P inawaka. Weka C=1, ibaki S1. Weka J=1, iende S0. Rudisha J=0 huku C=1, ISIWAKE. Weka C=0, iwake tena. Sasa K=0, P izime papo hapo hata kabla ya pigo, na pigo likija uwe S2 na A. Rudisha K=1, ibaki S2. B=1 iende S3, shikilia ibaki, achia iende S0. Kama hatua moja haijaenda sawa usiende bredibodi.

8. Jenga kwenye bredibodi

a) Kila chipu, 100nF kati ya mguu wa 14 na wa 7, karibu kabisa. Rilei ikishtuka umeme wa 5V unatikisika na flip-flopu inaweza kugeuka bila kuombwa.

b) 74HC14 ina vigeuzi sita na vyote vina kazi. Vinne ni vya inputi: kila floti na kitufe iunganishe upande mmoja ground, upande wa pili kwenye rezista ya 10k kwenda +5V na kapasita ya 10µF kwenda ground, kisha uingie kwenye kigeuzi. Swichi ikifunga inasoma 0, kigeuzi kinaifanya 1. Cha tano ni kloki: rezista ya 100k kutoka autiputi kwenda inputi, 10µF kutoka inputi kwenda ground, inapiga takriban mara moja kwa sekunde na kwa maji hiyo ni kasi tele. Cha sita ni riseti ya kuwashia: 47µF kutoka +5V, 100k kwenda ground, makutano yao yapite kwenye 1k yaingie kigeuzi, autiputi iende kwenye miguu ya CLR, ya kuifanya Q iwe 0, (1 na 13) ya chipu ya Q1 na Q0. Inashikilia sekunde kama tano, inatosha inputi kutulia.

c) 74HC74 mbili ni za inputi. C, J, K na B kila moja ipite kwenye flip-flopu yake kwanza, kloki ni ileile. Msiache hii jamani. Mfano: upo S1, J=1, na K inabadilika kutoka 1 kwenda 0 wakati uleule kloki inapiga. D1 ikaona K mpya, D0 ikaona K ya zamani, utajikuta 10, yaani S3, wakati kwenye chati S1 haina mshale wa kwenda huko. Faida nyingine: 74HC74 inatoa Q na kinyume chake, kwa hiyo C', J', K' na B' unazipata bure.

d) 74HC74 ya tatu ni Q1 na Q0.

e) Miguu ya PRE, ya kuifanya Q iwe 1, (4 na 10) yote iende +5V, na CLR za chipu za inputi pia. Inputi za mageti yasiyotumika zifunge ground. Mguu unaoning'inia kwenye CMOS (aina ya chipu hizi za 74HC) unashika chochote, hata mkono wako ukipita karibu.

f) Weka LED na rezista ya 1k kwenye Q1 na Q0. Hizi ndo macho yako, usizitoe hata ukimaliza.

9. Unganisha na dunia

P iende kwenye 1k, kisha beizi ya 2N2222, kolekta kwenye koili ya rilei, na 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukiwa upande wa +5V. Dayodi ikigeuzwa transista inakufa mara moja. A nayo ipitishe kwenye transista kama alamu yako inakula zaidi ya miliampia chache.

Rilei ndogo isiwashe pampu moja kwa moja, iwashe kontakta (rilei kubwa ya kubeba umeme wa mota) na kontakta iwashe pampu, kwa sababu mota inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida na midomo ya rilei inagandana. Upande wa umeme wa ukutani mwite fundi umeme mwenye leseni, maji na 230V havina urafiki.

Halafu floti ya J ifunge kinyume na nyingine, yaani iwe imefunga maji yakiwa chini na ifunguke tenki likijaa. Waya ukikatika inasoma "limejaa" na pampu inazima, badala ya kumwaga maji usiku kucha. Kwenye sakiti unabadilishana tu Q na kinyume chake kwenye flip-flopu ya J, hakuna geti la ziada.

Ikigoma

Kabla hujauliza popote angalia LED za Q1 na Q0, zisome kama namba ya steti, kisha weka kidole kwenye chati hapo.

Ipo 00 na tenki ni tupu: ama C inasoma 1 ama J inasoma 1. Pima autiputi za flip-flopu zao, usipime floti. Mara nyingi ni J uliyoigeuza ukasahau kubadilishana Q.

Ipo 01 ila pampu kimya: angalia P. Ikiwa 1 tatizo lipo kwenye transista au rilei, mantiki iache. P ikiwa 0 na steti haihami, kloki imekufa.

Inaenda 11 kila baada ya muda wakati kisima kina maji: floti ya K inacheza kwenye mawimbi pampu ikivuta. Ishushe chini kidogo au ongeza kapasita yake mpaka 47µF.

Ipo 10 na haitoki: kitufe kimenasa. Alamu kimya, pampu kimya, watu wanadhani sakiti imeungua. Kitufe cha nje kikipata mvua ndo tabia yake.

Inarukaruka steti ovyo rilei ikiwaka tu: 100nF umeziruka, au dayodi haipo, au chaja ya simu ni dhaifu. Jaribu kutoa rilei uweke LED mahali pake. Ikitulia, mpe rilei 5V yake tofauti na uunganishe ground tu.

Kila ukiwasha inaanzia steti tofauti: CLR ya chipu ya Q1 na Q0 umeiunganisha +5V kama zile nyingine.